Kwa Binamu Aliyetukataza Kukaba

Binamu Idi,

Siulizi habari zako. Zako nazipata kupitia simu za watu wengine, nazo zimenitosha. Najua umepanga chumba Dar, najua umenunua pedi yako mwenyewe ya kuchezea gemu, najua umenyoa kiduku. Juzi Jumanne nimejua na jambo la nne: Jumamosi hii, katika mechi ya kwanza kabisa ya mashindano, jina langu limepangwa na lako.

Ujumbe wako wa sauti niliusikia. Uliutuma kwenye grupu la banda la gemu, ambamo wamo wote waliowahi kushika pedi pale Mji Mpya, Morogoro, hata Bi Zuhura mwenye banda. "Mke wangu, pole sana. Safari yote hiyo kutoka Moro, halafu unaanza na mumeo. Beba na khanga ya kubadilisha." Watu wakacheka. Mimi sikujibu. Binamu na binamu ni watani, ndivyo tulivyolelewa, na mtani hanuniwi. Hilo ndilo ulilolitegemea miaka yote.

Sasa nakujibu, tena mbele ya walewale waliocheka. Barua hii inashuka mjini leo Alhamisi na lori la karoti. Bi Zuhura ataibandika ukutani bandani, kisha ataipiga picha aiweke kwenye grupu. Wapo watakaoisoma bila kutujua, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio. Mpangilio wangu uliucheka sana, kisha ukautumia.

Nianze na mazuri yako, maana yamo kwenye madaftari yangu na siwezi kuyachana.

Uliponipeleka bandani mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili. Nilivaa sare, nikawa naogopa mama asinione. Ulinikalisha kwenye benchi, ukanipa pedi ambayo raba yake ilikuwa imeliwa ukaizungushia tyubu ya baiskeli, ukaniambia nichague mtu wa kupigana naye kwenye skrini. Nikamchagua yule mama mwenye fimbo ndefu kwa sababu alikuwa amesimama vizuri. Ukasema, "Huyo hamna mtu anamchukua, anachelewa kupiga." Nikamchukua hivyohivyo. Wewe ulikuwa na Chuma, yule mwenye kifua kama pipa. Ulinipiga jioni nzima na kila ukinipiga ulinieleza kwa nini. Nilirudi nyumbani nikaandika sababu zote kwenye daftari, kumi na saba. Hukujua. Siku ya tatu nilipozuia kumi kati ya hizo ndipo ukaliona daftari, ukacheka hadi ukatoka nje. "Shangazi amezaa karani," ukawaambia watu.

Siku ya matokeo ya kidato cha nne uliniona napita njia ya nyuma. Nilikuwa nimepata cheti, lakini si cha kunifikisha kidato cha tano. Hukusema pole. Ulimwinua mtu kwenye benchi, ukanipa pedi nzuri ya namba moja, ile ambayo hata wewe ulikuwa unaigombania. Tulicheza mpaka magharibi. Kwenye daftari nimeandika: "Binamu hakuniuliza kitu. Nashukuru."

Na msiba wa bibi, hapa Mgeta. Wakati mama analia mpaka sauti imekauka, wewe ulitoka chumbani umejifunga khanga ya marehemu, umeinama, unakohoa kikohozi chake kilekile, unadai uji wako uko wapi na nani amekalia kiti chako. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani na uliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Siku ile niliona maana ya utani: mtu amebeba mzigo, unakuja upande wa pili unaunyanyua kidogo apumue.

Hayo ndiyo mazuri. Hakuna mengine.

Kwa wasiojua gemu letu la ngumi, kuna mambo matatu tu ya kushika. Unapiga. Unakinga. Na unakaba, yaani unamsogelea mwenzako, unamshika mwili mzima na kumbwaga. Ngumi inazuiwa kwa kukinga. Kukaba hakuzuiwi hivyo. Yule anayekaa anakinga tu ndiye chakula cha mkabaji. Dawa ni moja. Ukishikwa, nawe unabonyeza vitufe vilevile viwili alivyobonyeza yeye, papo hapo, ndipo unajinasua. Ukichelewa hata kwa kupepesa jicho, uko chini.

Mimi nimecheza miaka yote hiyo bila kuijua dawa hiyo. Na sikuijua kwa sababu bandani kwetu hakuna aliyekaba. Na hakuna aliyekaba kwa sababu yako.

Unamkumbuka Fundi Salumu, mshona nguo wa kibanda cha jirani? Alikuwa anakuja saa ya chakula, na tepu yake shingoni, anacheza raundi mbili tatu anarudi kwenye cherehani. Siku moja alikukaba mara sita mfululizo, tena mbele ya watu, na kila akikubwaga anasema "samahani bwana mdogo" kwa sauti ya fundi aliyemkosea mteja vipimo. Uliinuka ukaiweka pedi chini. Ukasema kukaba siyo mchezo, ni kazi ya vibaka wa stendi, na banda lenye heshima haliruhusu. Bi Zuhura alikubali kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unamfungulia na kumfungia. Ukaniletea kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, maana mwandiko wangu unasomeka. Nikaandika kwa herufi kubwa: MARUFUKU KUKABA. ANAYEKABA ANAPOTEZA RAUNDI.

Mkono ni wangu, sikatai. Na si kuandika tu. Nilikuwa mlinzi wa sheria ile kuliko wewe. Wiki iliyofuata Salumu alinikaba mimi, nami nikamnyang'anya raundi. Hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa mtu akijikunja akakinga muda wote, mwenzake amfanyeje?" Nikamwonyesha boksi ukutani. Akaivua tepu shingoni, akaizungusha kidoleni, akaondoka, na hakurudi tena. Swali lake lilikuwa gemu zima. Mimi nilidhani nimeshinda mabishano.

Kuanzia hapo nikajenga mchezo wangu juu ya sheria yako. Mama Fimbo anakinga, anasubiri, mwenzake anachoka na kukosea, anapigwa. Mliniita Geti, kwa kuwa hakuna aliyepita. Nilijaza madaftari saba: nani anaanza na teke, nani akibanwa anaruka, Chuma akikosa ngumi kubwa anabaki wazi kiasi gani. Ulipotaka kwenda Dar kucheza na watu wa huko, uliomba uyapige picha. Nikakupa yote saba, ukakaa kwenye benchi letu la jikoni mchana kutwa unapiga ukurasa kwa ukurasa, mama anakupikia maharage. Nilijivuna. Niliona binamu yangu anakwenda na kazi yangu begani.

Kisha nikakusikia kwenye video ya mahojiano yako huko Dar, jamaa mwenye maiki anakuuliza nani alikufundisha. "Nilijifundisha mwenyewe. Moro hakuna mtu, nilikuwa nacheza na watoto." Nimeirudia mara nne ili niandike maneno yako sawasawa. Maneno yako nimeyaandika sawasawa.

Hata hapo sikukuandikia. Nilijiambia huo ni utani wa mjini. Nikajiandikisha mashindano haya kimyakimya, yangu ya kwanza ya ana kwa ana, jukwaani, watu wanatazama. Nikaomba ruhusa kwenye duka la vifaa vya shule ninakofanya kazi, likizo yangu yote ya mwaka. Nikapanga ratiba ya mazoezi, nikaigongomea juu ya kitanda.

Siku ya kwanza ya ratiba nilikwenda chuoni kwa dada mmoja, Neema, mwanafunzi aliyekulia Mwanza, ambaye alishawahi kucheza mashindano mawili. Tulikaa. Nikakinga. Akanikaba. Nikakinga. Akanikaba. Mara kumi na moja, Idi. Nilidhani anafanya ushenzi na nikataka kumwambia, ila nilikuwa mgeni kwake, nimekalia kitanda chake. Yeye ndiye aliyesimamisha gemu, akanigeukia kwa huruma.

"Dada, mbona hujinasui?"

Nikamuuliza kujinasua ndiyo nini. Hakucheka. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu mzima anayekuja dukani kuniomba nimsomee barua yake. Kisha akachukua kidole changu gumba akakiweka juu ya vitufe viwili, akasema, "Hapa. Ukishikwa tu." Nilijaribu mara ishirini, nikaweza moja, tena kwa bahati. Akasema nyie wa Moro mnacheza kama mnaogopa kuchafuana nguo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka chuoni hadi Kihonda ili nisilie kwenye bodaboda. Nikayatoa madaftari yangu, si yale saba ya gemu, haya mengine ya siku zangu ambayo hujawahi kuyagusa. Nilitaka kujua kama nawe hukujua. Nilitaka sana iwe hivyo. Kama hukujua, basi sote tulikuwa wajinga pamoja na ningekupigia simu tucheke.

Nikakuta ukurasa wa Jumatano moja ya masika ya mwaka juzi. Naunakili kama ulivyo: "Nimewahi bandani kukwepa mvua. Binamu yuko peke yake. Kwenye skrini Mama Fimbo amesimama anakinga, Chuma anamshika na kumbwaga, anamshika na kumbwaga. Nilipoweka mwavuli chini akazima TV. Kasema waya una shida. Nimuulize Bi Zuhura kuhusu waya."

Nilimuuliza kweli Bi Zuhura kuhusu waya. Hilo nalo nimeliandika, siku iliyofuata: "Kasema waya ni mzima."

Hukuwa mjinga, Idi. Ulitukataza wote, kisha ukajifunza peke yako na banda limefungwa. Na kati ya watu wote waliomo kwenye gemu, uliyemchagua asimame umfanyie mazoezi ya kukaba ni Mama Fimbo. Mimi. Ulikuwa unanifanyia mazoezi miaka miwili kabla hatujapangiwa mechi, wakati huohuo tukiwa tunakula sahani moja. Bandani nilidhani tunajenga kitu pamoja. Kumbe ulikuwa unajenga geti, na ufunguo umebaki nao mfukoni.

Kwa hiyo usije ukadhani kinachoniuma ni khanga ya kubadilisha. Kinachoniuma ni hiki: nikipanda jukwaani Jumamosi ukanibwaga mara sita mfululizo mbele ya watu, kila mtu wa Mji Mpya ataamini ulichosema kwenye video, kwamba huku hakukuwa na mtu. Nami nitaamini. Nitaona miaka yangu yote na madaftari yangu yote vilikuwa vitu vya kukuchezea wewe. Hilo ndilo ninalokwenda kulizuia. Ubingwa siufikirii hata kidogo, niseme ukweli.

Nilihitaji mtu wa kunikaba. Neema alikuwa anaingia kwenye mitihani. Bandani nisingeweza, nusu yao wangekupigia simu kabla sijamaliza raundi, na nusu nyingine mkono wao haukubali, sheria imeshawaingia. Mashine yenyewe ya gemu inakaba kwa mpango uleule, baada ya muda unaizoea kama saa ya ukutani. Nilimweleza mama. Mama hajui pedi inashikwa upande gani, akacheka, akasema, "Kama umekwama si uende kwa mjomba wako."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikafunga mzigo.

Niseme hapa kwa wasiojua mila yetu. Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wangu, mzee anayelima karoti na njegere hapa Mgeta, ni kaka wa mama yangu. Pia ni baba yako mzazi, Idi. Lakini wewe ni wa ukoo wa mama yako, kule Kinole kwenye michungwa na mdalasini. Wa ukoo wake mzee huyu ni mimi. Nikikwama, mlango wangu wa kwanza ni wake, na hawezi kuufunga. Hukulifikiria hilo uliponiita mtoto kwenye video.

Nilipanda na lori linalofuata kabichi, mashine ya gemu na pedi mbili nimezifunga khanga ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mjomba alikuwa anaosha karoti. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Hakuuliza maswali mengi. Aliuliza kama huyo mwanamke mwenye fimbo ni mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama atamuumiza. Nikasema, "Hapana mjomba, mbwage tu."

Unavijua vidole vya baba yako. Kile kidole gumba cha kulia ni kipana kuliko vitufe viwili vikiwekwa pamoja. Nilianza kumwelekeza, hiki ni ngumi, hiki ni teke, na vyote viwili kwa pamoja ni kukaba. Haikuwezekana. Kila akigusa kimoja anagusa na cha pili. Baba yako hawezi kupiga ngumi hata moja kwenye gemu hili. Anaweza kukaba tu.

"Mbona huyu jamaa kila nikimgusa anakumbatia watu?"

"Ndiyo kazi yake, mjomba."

"Hana adabu," akasema, akanibwaga.

Ningetafuta mwalimu gani tena? Hana mpango, kwa hiyo hazoeleki. Mara anakaba mfululizo, mara anageuka mlangoni kuangalia kama ukungu umeshuka kwenye matuta, nami nasubiri nimejikaza, naye bado anaangalia ukungu, kisha pap. Tulifanya asubuhi akishapakia mzigo, na tena baada ya adhuhuri. Nilichora kijistari kwa kila mshiko. Siku ya kwanza, katika mishiko mia nilijinasua minne. Siku ya tatu, kumi na tisa. Usiku vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe chini ya blanketi. Siku ya sita mjomba aliniambia, bila kuondoa macho kwenye skrini ya TV yake, "Leo hushikiki, mama." Nikaiandika.

Siku ya saba ilikuwa juzi Jumanne. Mtandao hapa unaupata pale juu penye shule, nilipanda asubuhi kuangalia ratiba ya mechi. Nikaona jina lako chini ya langu. Nikausikia ujumbe wako nimesimama kwenye mteremko, wanawake wananipita na vikapu vya njegere, wananisalimia, nami naitika sauti yako ikiwa sikioni.

Sikumwambia mzee. Nilikaa kwenye mkeka, nikachukua pedi, nikashikwa kila mara kama siku ya kwanza. Akavumilia, akavumilia, kisha akasema, "Leo unabebwa kama gunia. Umepata habari gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba haya mazoezi yote, kumbe, mtu wa kwanza nitakayeyatumia kwake ni Idi.

Mjomba aliiweka pedi juu ya mkeka polepole kama yai. Akatoka. Nilimwona kwenye kijito anaosha karoti ambazo zilishaoshwa tangu alfajiri na kupangwa. Aliziosha moja moja. Alirudi baada ya sala ya alasiri, mikono imekunjamana kwa maji baridi, akabaki amesimama mlangoni.

"Wewe ni ukoo wangu, yule ni mwanangu. Msinigawe."

"Sikugawi, mjomba. Nikiacha sasa nitaacha na yote."

Alifikiri kidogo. Akajifuta mikono kwenye suruali, akakaa, akaichukua pedi. "Haya. Kaa vizuri," akasema. Mishiko iliyofuata ilikuwa legelege, nilihisi anayejinasua siyo mimi, ni yeye ananiachia. Nikamwambia. Akakasirika, na hasira ile ilikuwa kwangu, na kwako, na nadhani na kwake mwenyewe. Baada ya hapo alinikaba hadi magharibi bila hata mara moja kuangalia ukungu.

Jana nilijinasua themanini na sita katika mia.

Utajiuliza kwa nini nakuambia haya siku mbili kabla. Kwanza, sitaki useme nilikuvizia. Kuvizia ni kwako. Pili, haikusaidii kujua. Ukinikaba, najinasua. Usiponikaba, unarudi kupiga kwenye geti, na hilo geti unalifahamu. Umebaki na hizo kumi na nne, zichezee vizuri. Naweza kushindwa. Nitashindwa nikiwa nacheza gemu zima, si kipande ulichonikatia.

La tatu ni la utani wetu. Kuanzia leo mimi si mke wako, wala wewe si mume wangu wa mzaha. Utani nauheshimu, ndiyo maana nauondoa kwako. Msibani kwa bibi uliutumia kumpunguzia mama yangu uchungu. Kwangu umeutumia kuhakikisha sipati pa kulalamikia. Ukinitania tena kwenye grupu nitakujibu kama mtu baki anavyojibiwa, na Bi Zuhura nimeshamwambia. Lile boksi pia nimemwomba alitoe ukutani. Fundi Salumu nilimpitia kabla sijapanda huku. Nilimwomba radhi akiwa ameshika suruali ya mtu mdomoni mwa cherehani. Alisema hakumbuki. Nadhani anakumbuka.

Liko moja limebaki na hilo si langu, ni la baba yako. Ameamua kuja Dar nami kesho. Sijamwita. Amemwachia jirani karoti zake, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata alipougua. Jana jioni aliniomba kitu: kwamba baada ya mechi, ashinde yeyote, nikushike mkono nikulete nje, tukae watu watatu tule pamoja. Alisema hujapiga simu tangu sikukuu ya Idi. Alisema sikukuu ilipita akapika pilau akakuwekea sahani, akaifunika, akaifunua keshoyake.

Nimemkatalia. Ni mara ya kwanza maishani namkatalia mjomba kitu, na kwetu unajua uzito wake.

"Hutaki Jumamosi, au hutaki kabisa?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Sikutaka kumdanganya.

"Basi nitakula naye mwenyewe," akasema, akaenda kutafuta kanzu yake.

Nafungia hapa, dereva ameshawasha gari na hana subira. Jumamosi usinipe mkono kabla ya mechi, sitaupokea. Kaa, chukua pedi yako mpya, ucheze. Na ukishuka jukwaani usipite mlango wa nyuma. Mzee atakuwa kwenye mlango mkubwa, amevaa kanzu, anakusubiri mkale. Mpe shikamoo yake, ukae naye, usiwe na haraka. Mashindano ni ya mtoano, anayepigwa anatoka. Mimi sitawaingilia, maana nitakuwa bado ndani nacheza.

Mtoto wa shangazi yako,
Mgeta